Nilikuwa hodari wa kuitetea bangi

Nimevuta bangi miaka tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniweza kwenye ubishi kuhusu sheria zake. Kila kitu nilikuwa nacho kichwani: kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 uliitia kapu moja na heroini, kwamba Desemba 2020 kamisheni ya umoja huo huo ilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa kwenye orodha ya dawa za kuogopwa kuliko zote, kwamba Uruguay iliihalalisha 2013 na Kanada 2018. Mtu akithubutu kusema bangi mbaya, namzika kwa tarehe.

Aliyenikomesha ni dada yangu, tena bila kubishana. Alinisubiri nimalize, akasema, "Haya, tuseme kesho imeruhusiwa. Wewe leo unaweza kulala bila kuvuta?" Sikumjibu. Nilitoka nje nikapiga pafu mbili za bangi.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una hoja nyingi kama zangu, tenganisha mambo haya mawili. Bado naamini kumfunga kijana kwa msokoto mmoja ni upuuzi. Namjua mtu aliyekamatwa na bangi isiyojaa kisoda, na ile rekodi ya polisi imemnyima kazi mara nyingi kuliko bangi ilivyowahi kumpumbaza. Hilo ni suala la wabunge na mahakama. Mapafu na usingizi wako havisomi gazeti la serikali.

Ile kauli ya "ni majani tu, yameota yenyewe" niliipenda sana. Ila majani yenyewe yamebadilishwa na wakulima. Sampuli zilizokamatwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa na THC, kile kiini kinacholewesha, kiasi cha asilimia 4. Za miaka ya karibuni zimefika karibu asilimia 15. Anayekwambia alivuta ujanani na hakudhurika huenda hakuvuta hiki unachovuta wewe. Na ndiyo, kuna dawa inayotokana na mmea huu, iliyoidhinishwa Marekani 2018 kwa aina adimu za kifafa. Ni ya CBD, kiini kingine cha mmea huo, haileweshi, na daktari ndiye anayepanga dozi. Msokoto wa kijiweni si ndugu yake.

Kama hujafika miaka 25, ubongo wako bado unakomaa. Ningekuwa wewe ningengoja. Kama kwenu kuna aliyewahi kuugua akili hadi kusikia sauti zisizokuwepo, usiguse kabisa. Hapo sina mzaha.

Bangi ya kula nayo ina hila yake. Inaweza kuchukua hata saa mbili kupanda, mtu akaona haifanyi kazi, akaongeza, kisha zote zikampanda pamoja.

Kuacha kwenyewe, nilidhani ni suala la kuamua tu. Usiku wa tatu niliamka shuka limelowa jasho kama limetoka kufuliwa, moyo unadunda, nimeota ndoto ndefu yenye watu niliosoma nao darasa la kwanza. Bangi ilikuwa imezizima ndoto kwa miaka, sasa zinakuja kudai deni. Mchana nilimfokea kila aliyenisalimia. Kuanzia wiki ya pili ndipo nikaanza kulala vizuri. Jipime siku 30. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, na ugawe viberiti vyote, maana mimi nilitupa bangi nikabakiza kiberiti, na kiberiti kilinirudisha mara mbili. Ukishindwa, tafuta mshauri nasaha, usione aibu. Na kama unasubiri kupimwa mkojo kazini, ujue kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana hata mwezi mmoja baada ya kuacha.

Wasafiri nao wasikilize. Ujerumani tangu Aprili 2024 mtu mzima anaweza kutembea na gramu 25. Singapore, anayesafirisha zaidi ya gramu 500 anakabiliwa na kitanzi. Hata Kanada iliyoihalalisha, kuivusha mpakani ni kosa. Ndege haibebi sheria za kwenu.

Ubishi sijauacha. Juzi kijana mmoja alinichokoza, nikaanzia palepale, 1961. Nilipofika Uruguay niligundua mkono wangu uko mfukoni, unapapasa kiberiti.