Mapacha: uliza makondo ni mangapi

SWALI: Habari za kazi. Nina mimba ya wiki 12. Altrasaundi imeonyesha mapacha, na karatasi imeandikwa hivyo tu. Mimi nimeambiwa nirudi baada ya wiki 4; wifi yangu, naye ana mapacha, huitwa kila baada ya wiki 2. Je, nimesahauliwa? Na ni kweli natakiwa kulala kitandani muda wote?

JIBU: Hongera, dada. Huenda hujasahauliwa, ila karatasi yako ina pengo. Lazima iandikwe kama watoto wana kondo la nyuma moja au mawili, na kama kila mmoja ana mfuko wake wa maji. Rudi ukaulize kabla ya wiki 14 kwisha. Mpimaji hutazama pale utando unaowatenganisha watoto unapokutana na kondo: ukiwa mnene kama pembetatu, makondo ni mawili, ukiwa mwembamba na kusimama kama herufi T, ni moja. Mimba ikikua, alama hiyo hufifia.

Kondo moja ndilo linalotutia wasiwasi, kwa sababu mishipa ya damu ya watoto wote wawili huungana ndani yake. Damu ikielemea upande mmoja, mtoto anayetoa hukojoa kidogo na maji yake hupungua. Anayepokea hujaa maji na moyo wake huchoka. Mama anaweza asihisi kitu. Ndiyo maana mwenye kondo moja hupigwa altrasaundi kila wiki 2 kuanzia wiki ya 16. Wifi yako huenda yumo humo. Kwa makondo mawili, kila wiki 4 yatosha mambo yakiwa shwari. Tumbo likijaa na kukaza ndani ya siku chache, usingoje tarehe.

Kulala kutwa hakuzuii uchungu wa mapema, na huleta hatari ya damu kuganda miguuni. Tembea, pumzika ukichoka. Presha na mkojo vipimwe kila hudhurio, maana kifafa cha mimba huwaandama zaidi wenye mapacha. Uliza sasa kama unahitaji aspirini ya dozi ndogo, usijinunulie. Wingi wa damu urudiwe kupimwa wiki ya 20 hadi 24.

Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37, kwa hiyo chagua mapema hospitali yenye wodi ya watoto njiti. Mambo yakienda vizuri, wa makondo mawili huzalishwa wiki ya 37, wa kondo moja wiki ya 36. Wanaochangia hata mfuko wa maji hutolewa kwa upasuaji, wiki ya 32 hadi 34.