Sauti zimenyamaza, mbona bado anasahau?

Mdogo wangu ana skizofrenia. Tangu aanze dawa hasikii tena sauti, lakini ukimtuma vitu vitatu anarudi na kimoja. Dawa imeshindwa?

Haijashindwa, ila kazi uliyoitarajia siyo yake. Kuanzia klopromazini ya miaka ya 1950 hadi nyingi za leo, dawa hizi huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na hapo ndipo sauti na imani za uongo hutulia. Kumbukumbu, umakini na wepesi wa kufikiri hubaki karibu vilevile. Kwa wengi, upungufu huo ulikuwepo hata kabla ya sauti ya kwanza. Tafadhali msimwite mvivu.

Basi ipo dawa ya kumbukumbu yenyewe?

Kwa skizofrenia, mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha hata moja kwa kazi hiyo. Si kwamba haikutafutwa. Donepezili, inayotumika kwa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ilijaribiwa bila faida ya kueleweka. Iklepertini, dawa mpya iliyokuwa kwenye majaribio, ilitia watu matumaini makubwa, mimi nikiwemo, lakini Januari 2025 watengenezaji walitangaza kwamba majaribio yake makubwa yamegonga mwamba. Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya skizofrenia isiyozuia dopamini moja kwa moja, mchanganyiko wa zanomelini na trospiamu. Kuna dalili kwamba huenda ikawafaa kidogo wale waliozorota zaidi kifikra, ila dalili si ushahidi, na mimi nisingeuza mbuzi kwa ajili yake.

Mama yangu naye yuko kwenye dawa hizi, na anapewa pia benzheksoli ya kuzuia kutetemeka kunakoletwa nazo. Anasema kichwani kuna ukungu. Vinahusiana?

Inawezekana sana, na ningependa swali hili liulizwe kila kliniki. Benzheksoli, ambayo wengine huijua kama Artane, huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea kuhifadhi mambo mapya. Yaani tunahangaika kutafuta dawa ya kuongeza kumbukumbu huku mkononi tuna kidonge kinachoipunguza! Tena mzigo hujumlishwa: amitriptilini na baadhi ya dawa za mzio zinazoleta usingizi hufanya vivyo hivyo. Andika kila anachomeza, hata cha dukani, umpelekee daktari. Muulize: bado anaihitaji? Je, dozi ya dawa kuu ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, kutetemeka hakutaisha kwenyewe? Msiikatishe ghafla nyumbani. Hupunguzwa taratibu, la sivyo kukakamaa kwa misuli na kichefuchefu vitawarudisha hospitali.

Rafiki ananishauri nimeze vidonge vya kuamsha akili, vile wanavyotumia wanafunzi. Nina skizofrenia.

Usimeze. Vingi vya aina hiyo hupandisha dopamini, na sauti zinaweza kurudi.

Kumbe tukae tu tukisubiri?

La. Mafunzo ya kunoa fikra, yanayofanywa na mtaalamu kwa wiki kadhaa, yana ushahidi mzuri kuliko kidonge chochote nilichotaja, hasa yakiambatana na kazi halisi ya kufanya. Mazoezi yanayokutoa jasho husaidia pia. Bangi iachwe. Na kwa yule mdogo wako wa vitu vitatu: mwandikie orodha, aiweke mfukoni, akague kabla ya kugeuka kurudi.