Wimbi la mshtuko na pezi: kwa nini picha ina ukungu?

Swali: Nasoma uhandisi, kwetu Ngamiani, Tanga. Mradi wangu unahusu upepo wa mara mbili ya kasi ya sauti unaopita juu ya bamba lililosimikwa pezi (kibamba kilichosimama wima) lililokaa mshazari. Picha za shilireni ninazoziona, huku chini zina ukungu na mstari wa wimbi la mshtuko, pale presha inapopanda ghafla, hausomeki. Kamera ndiyo mbovu?

Jibu: Kamera haina kosa, mdogo wangu. Shilireni, tuliyoachiwa na August Toepler tangu miaka ya 1860, huonyesha mwanga uliopindishwa na hewa yote kuanzia dirisha hili la chumba cha majaribio hadi lile la pili. Kila kilichomo njiani hulaliana kwenye picha moja. Wimbi likilala sambamba na mwanga, unapata mstari kama wa kalamu. Likikata mshazari, kama lako, unapata ukungu.

Shughuli yenyewe iko kwenye bamba. Hewa inayoligusa, ile ambayo Ludwig Prandtl aliieleza mwaka 1904 kuwa tabaka la mpaka, ina mwendo mdogo. Presha ikipanda ghafla kwenye wimbi, haiwezi kuipanda, basi inabanduka. Ila hapa ina pa kukimbilia: inageukia ubavuni na kujiviringa kama mkeka, na mviringo huo unanenepa kadiri unavyoachana na ncha ya pezi.

Ningekuwa wewe, ningeanza na masizi na mafuta ya taa. Sitanii, maabara kubwa zimetumia hivyo hivyo. Masizi kama yale ya kibatari yaliyotia weusi dari ya bibi yangu, unayachanganya na mafuta ya taa, unapaka mstari mwembamba mbele ya pezi, unafungulia upepo. Yakikauka, unabandua alama kwa selotepu pana na kuibandika kwenye karatasi nyeupe. Unayo picha ya ukubwa halisi, unapima pembe kwa protrakta. Michirizi inapokusanyika, kama njia za mbuzi zinazokwenda kisimani, hewa inabanduka. Inapotawanyika, hewa imerudi kugusa bamba. Angalia vizuri: mstari wa kubanduka uko mbele ya wimbi lenyewe.

Masizi hayakupi presha. Hiyo ipime kwa vitundu vilivyotobolewa kwenye bamba, ukijua kwamba mipira mirefu inayoviunganisha na kipimo hutoa wastani tu, na mguu wa wimbi hautulii hata kidogo. Mtikisiko wake unahitaji vihisi vyepesi kuitikia vilivyofukiwa sawa na uso wa bamba.

Ukibahatika kupata leza na kamera mbili za kufuatilia vumbi, utapata mwendo wa pande zote tatu. Lakini vumbi lina uzito. Chembe inayochelewa mikrosekunde 2 (yaani sehemu mbili kati ya milioni moja za sekunde) kwenye upepo wa mita 500 kwa sekunde imeshapita kama milimita 1 kabla ya kutii. Tabaka lako lenyewe huenda ni milimita chache tu, kwa hiyo hapo usiiamini picha ya leza peke yake.

Kwa sasa, maji yakikupwa, nenda Raskazone utafute mfereji mchangani wenye kina cha milimita 6. Humo wimbi husafiri kama sentimita 24 kwa sekunde. Maji yakikimbia nusu mita kwa sekunde, chomeka kijiti: yale mabawa mawili yanayotoka ubavuni ni ndugu wa wimbi lako. Kina cha maji hapo kinasimama badala ya presha, kwa hiyo ule upande wa tatu unaoutafuta, wa kwenda juu, umeshatumika.