Wanasoma kwa sauti, lakini hawaelewi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Darasa la Pili wilayani Muheza, nina watoto 84 na ubao mmoja. Silabi wanazijua, na hadithi fupi wanaisoma mpaka mwisho. Nikiuliza imehusu nini, kimya. Kwenye semina tuliambiwa tutumie sanaa na tuwape watoto nafasi ya kudadisi. Mwalimu mkuu anaona huo ni mchezo wa kupoteza vipindi, na karatasi za kuchorea sina. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kiswahili tunakiandika karibu kama tunavyokitamka, ndiyo maana mtoto akishashika silabi anaweza kukusomea ukurasa mzima asijue umesema nini. Silabi usiziache. Ila sasa watoto wako wanahitaji maandishi yenye jambo wanalotaka kulijua.

Anza na kanga. Leta tatu kutoka nyumbani, uzitundike kwenye kamba mbele ya darasa. Chagua majina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, yanayofaa watoto, maana unajua mwenyewe kanga nyingine zinasema nini. “Wema hauozi” inafaa, “Nani kama mama” inafaa. Kabla hujasoma chochote, waache watazame: pindo la pembeni lina nini, mji, yaani sehemu ya katikati, una nini, rangi zipi. Kisha wasome jina, halafu uliza: aliyeivaa anamwambia nani? Hapo nyamaza kabisa, usiwasaidie. Nilipokuwa nafundisha Pangani mtoto mmoja aliuliza, “Kwani wema ni embe, hata uoze?” Darasa zima likataka kujibu. Huo ndio ufahamu wenyewe, na swali limetoka kwa mtoto.

Jioni kila mtoto aende na kazi moja: amuulize mama, bibi, shangazi au jirani, kanga yako unayoipenda ina jina gani, na uliipataje? Asubuhi aje na jina hilo kichwani. Wewe andika machache ubaoni kama walivyoyaleta. Utashangaa, hata yule asiyefungua mdomo atataka kusoma la bibi yake. Mtoto akileta jina ambalo hakuna anayelielewa, usikimbilie kulieleza. Mrudishe kwa mwenye kanga akaulize tena.

Ndipo wachore kanga zao. Karatasi si lazima. Uwanja wa shule una mchanga na vijiti havinunuliwi. Kalenda za mwaka jana na maboksi ya dukani yana upande mweupe au wa kaki unaochoreka kwa mkaa. Kila mtoto achore pindo, achore mji, na kwenye sehemu ya jina aandike sentensi yake mwenyewe, si ya kunakili. Gawa darasa: nusu wabaki ndani wakisoma na kiongozi wa kundi, nusu watoke nawe, kesho mbadilishane. Kwa 84 kelele zitakuwepo, na ni haki yao.

Usiwahi na kalamu nyekundu. Akiandika “ngombe” kwa ng'ombe, au “bwa” kwa mbwa, mwache amalize. Kusanya makosa yanayojirudia, na hayo ndiyo yawe somo lako la silabi siku inayofuata. Mtoto atakusikiliza kwa sababu neno ni lake.

Kuhusu nyimbo nina neno. Darasa la Kwanza na la Pili tunaimba sana, na ninapenda, lakini mtoto anayeimba irabu tano kwa kukariri bado hajasoma kitu. Ukiimbisha, maneno yawe ubaoni na mtoto mmoja ayafuate kwa fimbo. Igizo nalo lisiwe refu: wakishasoma hadithi, kundi moja lisimame kama sanamu likionyesha tukio moja, wenzao watafute kitabuni ni sentensi ipi. Asiyeelewa hataipata, nawe utamjua palepale bila mtihani.

Mwalimu mkuu usibishane naye. Hata mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ulioanza 2015 haukuishia kwenye kutamka. Kusoma kwa ufahamu kulikuwemo. Kwa hiyo kwenye andalio la somo usiandike “kuchora kanga.” Andika umahiri: mwanafunzi asome sentensi na aeleze maana yake, aandike sentensi yake. Kanga iweke kwenye zana. Kisha mwite darasani siku watoto wanaposoma kanga zao, umpe nafasi awaulize mwenyewe. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija, mwonyeshe madaftari: sentensi ya mtoto, ilivyosahihishwa, na alivyoiandika upya.

Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, vipindi vingine viende kama kawaida. Kanga zikiwachosha, hamia kwenye maandishi ya mabasi na ya maduka, hayo nayo watoto wanapita mbele yake kila siku. Wale ambao bado silabi zinawashinda, na katika 84 wapo, wachukue pembeni uanze nao na majina yao wenyewe.