Nambari ibaki, kadi ibadilishwe

Ndugu mhariri, salamu kutoka Amu. Wiki hii mmeuliza: mtu akinunua simu mpya, ahamishe laini yake ya zamani au achukue nyingine? Mimi nambari sibadilishi ng'o. Imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye tezi ya mashua yangu, na anayetaka kuvushwa Mokowe usiku huitazama hiyo. Lakini kile kipande cha plastiki, kadi ya laini yenyewe, sikionei uchungu tena.

Kijana wangu alininunulia smatifoni. Kadi yangu ilikuwa ile ya zamani, milimita 25 kwa 15, imekaa ndani ya kabambe, simu yangu ya vitufe, miaka na miaka. Simu mpya yataka ile ndogo kabisa, 12.3 kwa 8.8. Kumfuata fundi Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, nikaona uvivu. Nikachukua makasi ya mke wangu ya kukatia vitambaa, nikainama chini ya taa, nikakata. Upande wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu makasi yakateleza, yakaingia kwenye ile sehemu ya dhahabu, nikasikia tik. Mke wangu akauliza kwanza habari ya makasi.

Kesho yake fundi alicheka kweli. Akaniambia hata ningepatia vipimo, kadi ya zamani ni nene kidogo, unene wa milimita 0.76 dhidi ya 0.67 ya ile ndogo, na huweza kukwama humo ndani. Kwa hiyo wenye kukata kata, acheni.

Nilikwenda na kitambulisho kubadilishiwa laini. Nikaulizwa nambari ninazopiga sana, nikapewa kadi mpya, na jioni nambari yangu ikawa hewani, ile ya zamani ikafa. Pesa nilizikuta zote, kwani pesa za simu hazikai ndani ya kadi, ziko kwenye akaunti huko kwa kampuni. Kilichozama ni majina. Kadi yangu ilibeba majina 250, nami nilikuwa nimeijaza: Saruji Mokowe, Mama Mahamri, Ustadhi Matondoni, Mzungu wa Shela wa kwanza, Mzungu wa Shela wa pili. Yote niliyahifadhi kwenye laini, hata moja halikuwa kwenye simu.

Shemeji yangu wa Faza, kadi yake ilitoshea simu mpya bila taabu, ila 4G haikushika. Kadi za zamani sana haziwezi. Naye akabadilishiwa, nambari ile ile. Mabadiliko hayo kayafanye kwa miguu yako. Anayekupigia akidai anakuboreshea laini, huku akitaka nambari ya siri, huyo anataka laini yako iamkie kwenye simu yake.

Na hao wanaochukua laini mpya kila wakipata simu mpya, sijui wanawakimbia nani. Nambari ukiitupa, baadaye hupewa mtu mwingine. Jirani yangu alituma kodi kwa nambari ya zamani ya mwenye nyumba. Aliyeipokea alishukuru, akazima simu.

Mimi bado nayaokota majina yangu moja moja. Juzi mtu kanipigia: "Nahodha, umeshanisahau?" Nikamwambia, nitakusahauje wewe, uko gatini au Shela?

Nahodha, Langoni, Lamu