Swali la Lugha: Kiukweli ya Mchezaji, Kweli ya Askari

Mwanafunzi mmoja wa fasihi, mkazi wa Sinza, ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Naandika kazi yangu kwa Kiswahili kuhusu kitabu cha Mmarekani Tim O'Brien, The Things They Carried, hadithi za Vita vya Vietnam. Kiukweli kitabu kimenichanganya. Msimulizi anatenganisha ukweli wa mambo yaliyotokea na ukweli wa hadithi, na anasema huu wa pili wakati mwingine unaushinda wa kwanza. Je, niandike 'ukweli wa kimatukio' na 'ukweli wa kihadithi'? Kiukweli pia sijui kama niseme msimulizi 'anajisikia hatia', wala kama yale maumivu ya moyoni yasiyoisha hata vita vikiisha niyaite kiwewe. Kiukweli nitashukuru."

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni zuri na nitalijibu, ila itabidi uvumilie kidogo, maana umeandika barua fupi na bado umepata nafasi ya kuchomeka "kiukweli" tatu ndani yake. Nimekuwa nikilimezea neno hili kwa muda mrefu. Leo umenipa sababu.

Mtazame mchezaji anayetoka uwanjani, jasho halijakauka, akiwekewa kipaza sauti mdomoni. "Kiukweli mchezo ulikuwa mgumu. Kiukweli wenzetu walijipanga. Kiukweli tunamshukuru Mungu, na kiukweli tunakwenda kujiandaa kwa mechi ijayo." Ondoa kiukweli zote nne uone kilichopotea. Hakuna. Mchezo ulikuwa mgumu, wenzao walijipanga, Mungu ameshukuriwa. Nani alikuwa amemtuhumu kwamba anadanganya? Kijana kafungwa mabao matatu mbele ya macho yetu, halafu anatuapia kuwa mchezo ulikuwa mgumu! Na mtangazaji naye, badala ya kumsaidia, anampokea: "Kiukweli umezungumza vizuri."

Huyo wa mpira angalau hana hila, anatafuta tu pa kupumulia. Msikilize fundi cherehani: "Kiukweli dada, ilikuwa iishe jana, ila umeme." Nguo haijakatwa. Msikilize konda mwenye sarafu zinazolia kiganjani: "Kiukweli chenji sina." Kwa mizani yangu ya masikio, kadiri neno hili linavyosogea karibu na mdomo ndivyo kweli inavyosogea mbali.

Sarufi yenyewe inawaumbua. Kiambishi ki- kikibandikwa mbele ya nomino namna hii hutupa mtindo wa kutenda: kula kifalme, kulia kitoto, kutembea kijeshi. Anayekula kifalme si mfalme, ni sisi wa Buguruni siku ya harusi. Anayelia kitoto ana ndevu. Basi anayesema kiukweli ni mtu anayeongea kwa mtindo wa ukweli, amevaa sare yake na kupiga hatua zake, lakini kambini hajulikani. Najua mtanijia na kisheria, kiuchumi na kiafya, mniambie kuwa huko ki- maana yake ni "kwa upande wa". Sawa. Kiukweli basi ni "kwa upande wa ukweli", nami nauliza upande wa pili mmemwachia nani.

Wala huo "ukweli" uliomo ndani yake hatukuwa na haja nao. Kweli ni nomino iliyojitosheleza. Mwana-TANU aliahidi, "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Katika Biblia ya Union, Pilato anauliza, "Kweli ni nini?", na swali lake halikupungukiwa kitu kwa kukosa u-. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Msema ukweli sijui anapendwa na nani. Lakini ukweli nimeshausamehe. Umo kwenye kamusi, umo magazetini, na kugombana nao sasa ni kuchosha mapafu bure. Ninachokataa ni msafara: kweli ikavikwa u-, ukweli ukavikwa ki-, na mwakani mtaniletea "ukiukweli" mkiniambia lugha inakua.

Haya, tuje kwenye kitabu chako, ambako mambo yananigeukia kidogo.

Tim O'Brien aliitwa jeshini mwaka 1968, akawa askari wa miguu huko Quang Ngai, Vietnam, kati ya 1969 na 1970. Kitabu kilitoka mwaka 1990. Msimulizi naye anaitwa Tim O'Brien, naye ni mwandishi, naye alipigana Vietnam. Kitabu kimetabarukiwa kwa askari wa kikosi fulani, kwa majina yao, na ukifungua ndani unawakuta haohao ndio wahusika wa kubuni. Yaani hujafika hata sura ya kwanza umeshachezewa. (Jina la kitabu ukilitafsiri, "Vitu Walivyobeba" linatosha. Usilipambe. Kariakoo yetu inaitwa hivyo kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobeba mpaka wakafia njiani kwa maradhi, na sijui wangapi kati yetu huwakumbuka wanapokwenda kununua mashuka.)

Katika kisa kimoja msimulizi anaikodolea macho maiti ya kijana aliyemuua: kijana mwembamba, jicho moja limefumba, la pili limekuwa tundu lenye umbo la nyota. Anamtungia maisha. Anasema alikuwa akisoma hisabati, hakupenda vita, aliogopa kuaibika mbele ya watu wake. Anairudia ile nyota tena na tena kama asiyeweza kugeuza shingo. Kurasa kadhaa mbele anatuambia: sikumuua mimi, nilikuwepo tu, na kule kuwepo kulitosha kunitia lawamani. Unavuta pumzi, unamwonea huruma. Hapohapo anaongeza kwamba hata hilo amelitunga. Kisha analeta binti anayemuuliza kama aliwahi kuua mtu, na anasema anaweza kumjibu "hapana" bila kudanganya, na anaweza kumjibu "ndiyo" bila kudanganya pia.

Huyo, mwanangu, ndiye mtu pekee ninayemruhusu kusema kiukweli. Anavaa umbo la kweli akijua ni umbo, na anatuonyesha mishono. Ukiandika katika kazi yako kwamba "msimulizi anazungumza kiukweli", ukimaanisha hicho, nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi. Mchezaji na konda wabaki na adhabu yao.

Istilahi zako sasa. Andika "kweli ya tukio" na "kweli ya hadithi", au kama u- imeshakukaa ulimini, "ukweli wa tukio" na "ukweli wa hadithi". Ki- itupe. "Ukweli wa kihadithi" kwa masikio ya Mswahili ni ukweli wa kubabaisha, ukweli wa alinacha, na mwandishi wako anasema kinyume chake kabisa: kwamba hadithi inaweza kubeba kilichompata askari moyoni kuliko orodha ya nani alikufa wapi saa ngapi. Kiambishi kimoja na umemgeuzia mtu maneno yake.

Ila usiandike kana kwamba sisi tumeanza kuyasikia haya juzi kwa jina la usasaleo, ule mtindo wa fasihi unaotilia shaka kila kweli. Bibi akisema "Hadithi, hadithi!" sisi tuliitikia nini? "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo tuliualika kwa jina lake, mlango wazi, kabla sungura hajatokeza masikio. Na neno lenyewe hadithi, ambalo tumelitoa kwenye Kiarabu, ndilo hilohilo la hadithi za Mtume, ambazo kila mtoto aliyepita madrasa anajua kuwa wapokezi wake huchunguzwa mmoja baada ya mwingine, na mpokezi akitiliwa shaka kumbukumbu au uaminifu wake, hadithi huitwa dhaifu. Neno moja limebeba uongo njoo na chekecheke la kuuchuja. Kwa hiyo "msimulizi asiyeaminika" ni istilahi inayoeleweka kwetu bila jasho; iandike. Tofauti iko kwenye mapatano. Bibi alitangaza uongo kwanza, tukakubali, ndipo akatutoa machozi. Mmarekani wako anakuliza kwanza, kisha ndipo anatangaza. Mimi bado namwona bibi kuwa mwungwana zaidi, lakini bibi hakupelekwa Quang Ngai.

"Anajisikia hatia" ifute usiku huuhuu. Hatia ni kosa, asili yake Kiarabu, na kwetu imekwenda kukaa mahakamani: mtu hupatikana na hatia, hutiwa hatiani, au huachiwa kwa kuwa hana hatia. Haisikiki mwilini kama homa. Kinachompata msimulizi wako ni kwamba nafsi inamsuta. Na wewe wa Sinza unajua kusutwa kulivyo: wanawake wamejaa mlangoni, ngoma ipo, ushahidi upo, majirani wametoka nje kutazama, na huna pa kuingiza uso. Sasa fikiria anayesuta na anayesutwa ni mtu mmoja, na ngoma hailali. Lugha yenye kitenzi hicho inakwendaje kukopa "kujisikia hatia"?

Usiishie kwenye msamiati, sikiliza na vitenzi. Pale Magomeni, kijiweni kwenye kahawa, kuna mzee aliyekwenda Vita vya Kagera, vile vilivyoanza majeshi ya Idi Amin yalipoingia kwetu Oktoba 1978 na kutufikisha Kampala Aprili 1979. Akisimulia, -ka- inakimbia: tukavuka, tukaingia Mutukula, tukasonga, tukalala migombani. Wote ni "tu-", wote ni watendaji. Mpaka afike kwenye mlango wa nyumba fulani na mtu aliyetokeza ghafla. Hapo sentensi inageuka: "risasi ikampata." Siku nyingine: "akapigwa." Mara moja ilikuwa bunduki ya mwenzake, ambaye siku nyingine hakuwepo kabisa katika kisa hicho. "Nilimpiga" sijawahi kuisikia. Kiswahili kinamruhusu kuifanya risasi kuwa mtenda, iende yenyewe imtafute mtu na kumpata, na hakuna kijiweni anayemuuliza ilitoka kwa nani. Nikimsikiliza naona chote unachokitafuta kwenye kitabu chako: nafsi inayosuta, kumbukumbu inayobadilika, na kweli iliyojificha kwenye kauli ya kutendwa. Na angalia, katika kisa hicho hajawahi kusema kiukweli. Huisema pale tu ninapomuuliza lini atanirudishia ngazi yangu.

Kiwewe nakubali, japo kwa kuguna. Kwa wazee wetu kiwewe kilikuwa cha papo kwa papo: nyumba inaungua, mtu anatoka mbio na ungo badala ya mtoto. Siku hizi wanaoshughulika na afya ya akili wamelitwika neno hilo jeraha linalokaa miaka, na halijavunjika mgongo. Litumie, ila usiandike "kiwewe cha kisaikolojia", kwa sababu kiwewe cha goti hakipo.

Kwa hiyo aya yako ya kwanza inaweza kuanza hivi: "Msimulizi anasutwa na nafsi yake kwa kifo ambacho huenda hakikutokea, na kiwewe chake kinamfanya akisimulie upya kila mara, kwa sababu kweli ya tukio haimtoshi." Hapo mwalimu wako akikudai "kihadithi", mlete kwangu.

Jambo moja la mwisho, na hili ni la kukupongeza. Umeandika "vita vikiisha". Wenzako wengi, na redio karibu zote, wangesema "vita ikiisha", nami nimewaandalia maneno yao wiki ijayo.