Kadi za sikukuu za mkono: andika majina kabla ya kushika mkasi

Miaka mitatu iliyopita, ilipofika Desemba, mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa hatusemeshani. Ugomvi ulitokana na michango ya matibabu ya mama, na kila aliyejaribu kutupatanisha kwa simu aliongeza maneno juu ya maneno. Mimi nilikuwa Dar, yeye Moshi, na ule wakati wa Wachagga kupanda kwao Kilimanjaro kwa sikukuu ulikuwa umefika. Nina mche wa isale barazani, niliutoa kihambani, shamba la nyumbani kwetu, nikauotesha kwenye ndoo. Nikakata ncha ya jani moja, nikaikausha ndani ya magazeti, nikaibandika kwenye kadi ya manila na ndani nikaandika mistari miwili. Kwetu isale ndilo jani la kuombea msamaha, na aliyepelekewa huona uzito kulikataa. Kadi iliondoka na basi Jumatano. Alhamisi jioni dada akanipigia, akaniuliza napanda lini.

Tangu mwaka ule kadi zangu zote natengeneza mwenyewe, za Krismasi na za Idi, na wengi wameniuliza waanzie wapi. Anza na majina. Kabla hujanunua hata karatasi moja, orodhesha watu unaotaka kuwapelekea, na mbele ya kila jina andika jambo moja la mwaka huu lililopita kati yenu. Kwangu orodha haizidi kumi na wawili. Shangazi: alikaa na mtoto wiki nzima nilipolazwa. Mama wa genge: alinikopesha mboga mwezi mzima bila kunikumbusha. Mtu ambaye huna la kuandika mbele ya jina lake, mtumie ujumbe wa simu, si dharau. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapwa kwa ajili ya kuuzwa, ya Henry Cole wa London mwaka 1843, ilizaliwa kwa sababu bwana yule alikuwa na barua nyingi za kujibu na muda hana. Kazi hiyo ya kuokoa muda leo inafanywa na WhatsApp, na inaifanya vizuri. Wewe unayekaa chini na gundi umeshaamua kumpa mtu muda wako, basi auone.

Sasa vifaa. Nunua bahasha kwanza, kadi ije baadaye. Mwaka wangu wa kwanza nilitengeneza kadi nzuri ambazo hazikuingia kwenye bahasha yoyote ya dukani, ikabidi nizipunguze kwa mkasi na mapambo ya pembeni yakaenda nayo. Manila ya A4 ukiikata katikati unapata vipande viwili, kila kimoja ukikikunja ni kadi ya milimita 105 kwa 148, na bahasha ya C6 inaipokea bila kubana.

Kukunja ndiko kunakoonyesha kadi ya mtu aliyetulia. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi, kama mbao. Ipinde kidogo upande huu, kisha upande ule, bila kuivunja: upande unaolegea kirahisi ndio unaofuata nyuzi, na mkunjo wako uende huko. Ukikunja kinyume, mgongo wa kadi unapasuka na kutoa manyoya meupe. Weka rula, pitisha kalamu ya Bic iliyokwisha wino mara mbili ili iache mfereji, kunja, halafu sugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Fanya hivyo kwa kadi zote kabla ya kupamba hata moja.

Pambo ninalolipenda kuliko yote ni ganda kavu la mgomba. Nikiwa nyumbani nachagua yale yaliyokaukia kwenye shina, yana rangi kuanzia maziwa hadi kahawa iliyoungua, wakati mwingine zote kwenye ganda moja. Yafute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, yaanike kivulini, kisha yapige pasi ya moto mdogo, isiyo na mvuke, ukiwa umefunika karatasi juu. Usiharakishe hapo. Kuna mwaka nilibandika maganda ambayo yalionekana makavu lakini kwa ndani yalikuwa bado na maji. Joto la Dar likafanya kazi yake ndani ya bahasha, na nilipofungua moja kuongeza picha nikakuta ukungu wa kijani umetambaa hadi kwenye maandishi. Kadi saba zilikwenda na maji. Sasa nayaacha chini ya vitabu vizito wiki mbili, na magazeti nabadilisha kila baada ya siku mbili.

Vipande vya kitenge omba kwa fundi cherehani, kwake ni takataka. Paka gundi nyembamba upande wa nyuma, acha ikauke kabisa, ndipo ukate, la sivyo nyuzi zitachomoka kila pembe. Gundi yenyewe iwe ile nyeupe ya mbao, ipakwe kidogo sana kwa kipande cha sponji, kwa sababu maji mengi yanaikunja manila. Uji wa unga wa ngano tuliotumia shuleni unashika vizuri tu, ila mende wanaupenda.

Kwa majirani zangu Waislamu naanza kazi kumi la kwanza la Ramadhani. Kumi la mwisho kila nyumba iko kwenye ibada, nguo za watoto na vileja, na kadi ikichelewa inafika wageni wameshaondoka. Muundo wake nimeuiga kwenye kanga: pindo pande zote nne, mji katikati, na chini, pale panapokaa jina la kanga, naandika maneno yangu kwa yule mtu. Pindo nalipiga kwa muhuri wa kiazi, na mwezi mwandamo unatosha katikati.

Mapambo yenye vinundu, kama kunde au shanga, yaache kwa kadi utakayoipeleka kwa mkono. Posta bahasha inagongwa muhuri, na kwenye buti la basi inalaliwa na magunia. Zangu za Moshi nazipeleka Stendi ya Magufuli kabla ya tarehe 10 Desemba, kabla foleni za abiria hazijaanza, zikiwa kati ya vipande viwili vya boksi vilivyofungwa kwa selotepu. Juu naandika jina la mpokeaji na namba ya simu kwa herufi kubwa, na ya dada naiweka ya kwanza juu, maana yeye ndiye anayekwenda kuzipokea na kuzigawa.